Pointi za kadi ya mkopo: Akiba inayooza mfukoni

WAHENGA walinena kwamba akiba haiozi. Waama, walikuwa hawajakutana na pointi za kadi za mikopo.

Nchini Marekani, ambako Wakenya wengi wamehamia kutafuta riziki na elimu, kadi ya mkopo si chombo cha kununulia bidhaa tu. Kila dola inayotumika humpa mwenye kadi pointi moja au zaidi, na pointi hizo aghalabu hugeuzwa kuwa maili za kulipia tiketi ya ndege.

Ni mpango unaovutia. Muuguzi mjini Dallas au dereva wa lori katika jimbo la Minnesota hununua chakula, mafuta ya gari na nepi za mtoto akiamini kwamba nauli ya kuja nyumbani Desemba inajilipa yenyewe polepole. Matangazo ya benki yanamhakikishia kuwa safari hiyo itakuwa ya bure.

Je, ni ya bure kweli? Na ikiwa si ya bure, ni nani anayeilipia?

Jibu la maswali hayo mawili ndilo linalotenganisha anayefaidika na pointi hizi na yule anayefaidisha wengine. Pointi na maili ni sarafu, lakini ni sarafu ya aina yake. Anayeitoa ndiye huyo huyo anayepanga bei ya kile inachoweza kununua. Kwa hivyo, faida humwendea anayepiga hesabu na kuitumia mapema. Anayelimbikiza hupoteza. Naye anayebeba deni mwezi baada ya mwezi humlipia mwenzake safari.

Chanzo cha maili

Mpango huu ulizaliwa na ushindani. Mwaka wa 1978, Marekani ilipitisha sheria iliyoondoa mamlaka ya serikali ya kupanga nauli na njia za ndege za ndani. Mashirika yaliyokuwa yamezoea kulindwa yakajikuta yakiwapigania abiria wale wale.

Mnamo Mei 1981, American Airlines ilianzisha mpango wa AAdvantage uliomtuza abiria kwa kadiri ya umbali aliosafiri. United ilifuata siku chache baadaye, na washindani wengine hawakukawia.

Mantiki yake ilikuwa wazi. Ndege ikishapaa na kiti kitupu, kiti hicho hakiwezi kuuzwa tena. Ni heri kumpa mteja mwaminifu ili kesho asihamie kwa jirani.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka wa 1987, American iliposhirikiana na Citibank kutoa kadi ya mkopo iliyomletea mwenye kadi maili kila alipofanya ununuzi. Tangu hapo, mtu hakuhitaji tena kupanda ndege ili apate maili. Benki hununua maili kutoka kwa shirika la ndege kwa fedha halisi, kisha huwagawia wateja wake kama zawadi.

Biashara hiyo imekua kupita kiasi. Mwaka wa 2023, Delta ilipokea takriban dola bilioni 6.8 kutoka kwa kampuni ya American Express kutokana na ushirikiano wao wa kadi. Mwaka wa 2024 kiasi hicho kilifika dola bilioni 7.4.

Ingawa hayo ni mapato wala si faida, ni vyema kuyalinganisha na faida ya Delta baada ya kodi mwaka huo wa 2024, ambayo ilikuwa takriban dola bilioni 3.5. Bila kadi, hesabu za shirika hilo zingesomeka kwa namna nyingine kabisa.

Uzito wa maili ulidhihirika zaidi wakati wa janga la corona. Ndege zikiwa zimeegeshwa na viwanja vikiwa mahame, United ilitumia mpango wake wa MileagePlus kama dhamana ya kupata dola bilioni 6.8 mwaka wa 2020. Delta ilipata dola bilioni 9 mwaka huo huo kwa kuweka rehani mpango wa SkyMiles. American nayo ilikopa dola bilioni 10 mwaka wa 2021 kwa dhamana ya AAdvantage.

Wakopeshaji walikubali kutoa mabilioni hayo kwa kuwa walielewa jambo ambalo abiria wengi hawalielewi. Shirika la ndege la Marekani, mbali na kusafirisha watu, huchapisha sarafu na kuiuza kwa benki.

Sarafu isiyo na mlinzi

Shilingi ya Kenya ina Benki Kuu. Thamani yake ikiporomoka, wabunge huuliza maswali, magazeti huandika na gavana hutakiwa kujieleza. Maili hazina benki kuu. Aliyezitoa anaweza kuzipunguza thamani usiku mmoja, na masharti ambayo mteja aliyakubali bila kuyasoma humruhusu kufanya hivyo.

Zamani mashirika yalichapisha jedwali la bei. Abiria aliweza kusoma kwamba safari kutoka eneo fulani hadi eneo jingine ingegharimu maili kadha, akaweka lengo na kulifuata kama mtu anayechangia chama chake cha akiba kila mwezi.

Jedwali hizo zimeondolewa moja baada ya nyingine. Delta iliacha kuchapisha lake mwaka wa 2015. Flying Blue, ambao ni mpango wa Air France na KLM, uligeukia bei zinazobadilika mwaka wa 2018. United ilifuata mwaka wa 2019, na American ikafanya vivyo hivyo kwa safari za ndege zake mwaka wa 2023.

Siku hizi, mara nyingi bei ya tiketi kwa maili hupanda na kushuka pamoja na nauli ya kawaida. Wakati ambapo Mkenya wa ughaibuni anaihitaji zaidi, yaani Desemba, ndipo nauli huwa juu na maili zinazodaiwa huwa nyingi kupindukia.

Kuna hatari nyingine iliyo mbaya zaidi. Shirika la Ujerumani la Air Berlin lilipofilisika mwaka wa 2017, mpango wake wa topbonus ulianguka pia, na abiria waliokuwa wamelimbikiza maili kwa miaka mingi hawakuweza kuzitumia.

Msomaji aliye nyumbani hahitaji kwenda Ujerumani ili alielewe jambo hili. Wengi wetu tulibeba kadi ya Smart ya Nakumatt na kuhesabu pointi tukisubiri sikukuu. Duka hilo liliporomoka, na mnamo Januari 2020 wadai wake wakapiga kura lifungwe. Zile kadi zilibaki plastiki tupu.

Hali kadhalika, mwaka wa 2022 kampuni ya Safaricom ilitangaza kwamba pointi za Bonga zilizopita miaka mitatu zingeanza kufutwa. Baadaye hatua hiyo iliahirishwa, lakini tangazo lenyewe liliwazindua wengi. Pointi walizodhani ni mali yao zilikuwa ahadi tu, na ahadi ina mwenyewe.

Hesabu ya senti

Ikiwa pointi ni sarafu, basi swali la kwanza ni thamani yake. Hapa ndipo wengi huteleza, kwani hutazama wingi wa pointi badala ya kutazama kile zinachonunua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua bei ya tiketi ambayo ungelipa kwa fedha taslimu. Ondoa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukitumia maili. Kinachobaki kigawanye kwa idadi ya maili zinazodaiwa. Jibu ni thamani ya kila maili.

Mathalan, tuseme tiketi ya kwenda Nairobi na kurudi inauzwa dola 1,400. Kwa maili inadaiwa maili 70,000 pamoja na dola 250 za kodi. Ondoa 250 kutoka 1,400 ubaki na 1,150. Ukigawanya kwa 70,000, kila maili imekupa takriban senti 1.6 za dola.

Sasa chukua Desemba. Tiketi imepanda hadi dola 1,900, nazo maili zinazotakiwa ni 220,000 na dola 250 za kodi. Ondoa 250 ubaki na 1,650. Gawanya kwa 220,000. Kila maili imekupa robo tatu tu ya senti.

Je, ni vyema kulipa kwa maili katika hali hii ya pili? Hapo inategemea kile ambacho pointi hizo zingekupa kwingine. Baadhi ya benki, kama vile Chase, hukubali kuzigeuza pointi kuwa fedha kwa senti moja kwa kila pointi. Aliye na pointi 220,000 za aina hiyo angepata dola 2,200 taslimu, akanunua tiketi yake ya dola 1,900, na akabaki na dola 300 za kumnunulia mama kitenge na unga.

Aliyezigeuza pointi hizo kuwa maili amelipa ghali kuliko asiye na pointi hata moja, ilhali atasimama mbele ya jamaa zake akisema amesafiri bure.

Kwa hivyo, senti moja ndiyo mizani ya kwanza. Chini ya hapo, lipa kwa fedha na uziweke pointi. Juu ya hapo, tumia. Wanaopata thamani kubwa zaidi, senti mbili au hata tano, aghalabu hupanda daraja la biashara, ambako nauli ya fedha ni kubwa mno. Hata hivyo, thamani hiyo ni ya kweli kwa yule tu ambaye angelipa nauli hiyo. Kiti cha dola 6,000 ambacho hungekinunua kamwe hakijakuokolea dola 6,000.

Usihamishe kabla ya kuona kiti

Kuna aina mbili za kadi. Zipo zinazotoa maili za shirika moja la ndege moja kwa moja, na zipo zinazotoa pointi za benki ambazo mwenye kadi anaweza kuzihamishia kwa mashirika kadhaa. Kwa anayesafiri kuja Afrika Mashariki, aina hii ya pili ni bora, kwa sababu haimfungi kwenye mti mmoja.

Benki za Chase, Citi na Capital One pamoja na American Express zote huruhusu pointi kuhamishiwa Flying Blue. Kwa kuwa Kenya Airways ni mwanachama wa muungano wa SkyTeam pamoja na Air France, KLM na Delta, maili za Flying Blue zinaweza kulipia kiti katika ndege zake, mradi kiti kimetengwa kwa ajili hiyo.

Ikumbukwe kwamba Kenya Airways yenyewe ilitumia mpango wa Flying Blue kwa miaka mingi, kabla ya kujitenga mwanzoni mwa miaka ya 2020 na kuanzisha mpango wake wa Asante Rewards. Ilianza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York mnamo Oktoba 2018.

Ethiopian Airlines nayo ni mwanachama wa Star Alliance tangu mwaka wa 2011. Maana yake ni kwamba maili za United au za mpango wa Aeroplan wa Air Canada zinaweza kumfikisha msafiri Nairobi kupitia Addis Ababa. Qatar Airways hutumia sarafu ya Avios, sawa na British Airways, tangu mwaka wa 2022.

Tofauti za tozo ni kubwa. British Airways inajulikana kwa kumtoza mwenye maili ada nzito za shirika juu ya kodi za kawaida. Aeroplan iliacha kutoza ada za aina hiyo mwaka wa 2020. Tiketi mbili zenye idadi sawa ya maili zaweza kutofautiana kwa mamia ya dola.

Kanuni kuu hapa ni moja: pointi zikishahamishwa kutoka benki kwenda kwa shirika la ndege, hazirudi. Tafuta kiti kwanza. Kione kwa macho yako, cha tarehe unayoitaka, kwa idadi ya watu unaosafiri nao. Hapo ndipo unapohamisha.

Mara kwa mara benki hutangaza nyongeza ya asilimia 20 au 30 kwa anayehamisha katika kipindi fulani. Nyongeza hiyo ni baraka kwa aliye na safari mkononi. Kwa asiye na safari ni mtego, kwani inamtoa kwenye sarafu inayokubalika kwingi na kumfungia katika sarafu ya duka moja.

Dawa ya deni

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba kila mwenye kadi hulipa deni lake lote kila mwezi. Hali halisi si hiyo, na hapa ndipo mpango huu wa pointi unapogeuka kuwa donda.

Riba ya wastani ya kadi za mikopo nchini Marekani ilivuka asilimia 20 kwa mwaka katika mwaka wa 2023, kwa mujibu wa takwimu za benki kuu ya nchi hiyo. Tuseme mtu anabeba deni la dola 5,000 mwaka mzima kwa riba ya asilimia 21. Atalipa dola 1,050, ambazo kwa kiwango cha ubadilishaji cha mwaka wa 2025 ni takriban Sh135,000.

Je, alipata nini kwa kutumia dola hizo 5,000? Kwa pointi moja kwa kila dola, alipata pointi 5,000. Hata akizitumia kwa ustadi, zina thamani ya dola 50 hadi 80. Amelipa zaidi ya dola 1,000 ili apewe dola 80, na bado anadaiwa zile 5,000.

Hakuna maili duniani inayoweza kushinda riba ya namna hiyo. Dawa ya deni ni kulipa. Anayeshindwa kulipa salio lote mwishoni mwa mwezi hana mchezo wa pointi wa kucheza. Anachohitaji ni kadi ya riba ya chini, au kutokuwa na kadi kabisa.

Wakenya wa ughaibuni wana mtego wa pekee katika jambo hili. Wengi hutuma fedha nyumbani, na wapo wanaofikiri kwamba wakituma kwa kadi ya mkopo watavuna pointi. Benki nyingi huihesabu shughuli hiyo kuwa ni kutoa fedha taslimu. Mtumaji hutozwa ada papo hapo, riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, na pointi hapati.

Aidha, anapofika Kenya na kulipa hotelini kwa kadi hiyo, baadhi ya benki hukata takriban asilimia 3 kwa kila malipo yanayofanyika nje ya Marekani. Pointi alizopata zinamezwa na ada hiyo kabla hajamaliza chai. Kadi nyingi za wasafiri hazina ada hiyo, hivyo ni jambo la kuuliza kabla ya kuabiri.

Ada ya mwaka pia haifai kusahaulika. Kadi ya Chase Sapphire Reserve ilipoingia sokoni mwaka wa 2016, ilitoza dola 450 kwa mwaka. Mwaka wa 2020 ikawa dola 550, na mwaka wa 2025 ikafika dola 795. Benki huorodhesha manufaa mengi ya kuhalalisha ada hiyo. Mwenye kadi na ahesabu yale tu ambayo angeyanunua kwa fedha zake mwenyewe, ayaache mengine.

Nani hulipa?

Turejee kwenye swali la msingi. Ikiwa muuguzi wetu wa Dallas amepiga hesabu vyema, amelipa deni lake kila mwezi na amepata tiketi ya dola 1,400 kwa dola 250, ni nani aliyelipa tofauti?

Sehemu hulipwa na mwenye duka. Kila mteja anapolipa kwa kadi ya mkopo nchini Marekani, mwenye duka hukatwa takriban asilimia 2, na kwa kadi zenye pointi nyingi hukatwa zaidi. Mwenye duka hawezi kuimeza hasara hiyo milele. Huiongeza kwenye bei ya mkate na maziwa.

Bei hiyo humkuta kila mnunuzi, hata yule anayelipa kwa noti. Mwaka wa 2010, watafiti wa tawi la Boston la benki kuu ya Marekani walikadiria kwamba familia inayolipa kwa fedha taslimu ilikuwa ikihamisha wastani wa dola 149 kwa mwaka kwenda kwa familia zinazotumia kadi. Nayo familia inayotumia kadi ilikuwa ikipokea wastani wa dola 1,133 kwa mwaka. Matajiri ndio waliofaidika zaidi, maskini ndio waliobeba mzigo.

Sehemu nyingine hulipwa na mwenye deni. Riba ya yule anayeshindwa kulipa salio lake ndiyo inayoipa benki nguvu ya kununua maili za kumzawadia anayelipa kwa wakati. Kuku wa mkata hatagi, walisema wahenga, na akitaga hatotoi. Hapa anataga, lakini yai linaliwa na jirani.

Kisa kimoja cha hadharani kinadhihirisha jinsi gharama ya kitu kinachoitwa bure isivyopotea. Mwaka wa 2008, taasisi ya serikali ya Marekani inayotengeneza sarafu ilianza kuwauzia wananchi sarafu za dola moja kwa bei yake halisi na kuwapelekea nyumbani bila malipo, ikinuia kuziingiza katika mzunguko.

Wajanja waliziagiza kwa maelfu kwa kadi zao za mikopo, wakazipeleka benki zikiwa kwenye masanduku yale yale, wakalipa deni la kadi na kubaki na maili. Serikali ilikomesha malipo ya kadi kwa mpango huo mnamo Julai 2011. Sarafu hazikuingia sokoni, maili ziliingia mifukoni, na gharama ya usafirishaji ikabaki mgongoni mwa mlipa kodi.

Nchi nyingine zimeamua kulikabili suala hili kisheria. Tangu Desemba 2015, Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa ada inayoenda kwa benki ya mwenye kadi ya mkopo. Tokeo lake ni kwamba zawadi za kadi barani Ulaya ni haba zikilinganishwa na za Marekani.

Huko Marekani, maseneta Dick Durbin na Roger Marshall waliwasilisha mswada wa kuongeza ushindani katika ada hizo mwaka wa 2022, na kuurejesha mwaka wa 2023. Benki na mashirika ya ndege yaliupinga vikali, yakionya kwamba maili zingetoweka. Onyo hilo lenyewe ni ushahidi: linakiri kwamba maili hutokana na ada inayomwangukia mnunuzi.

Mnamo Septemba 2024, wizara ya uchukuzi ya Marekani chini ya Pete Buttigieg iliziagiza American, Delta, Southwest na United kueleza jinsi zinavyobadilisha thamani ya pointi na kuficha bei zake. Ilikuwa mara ya nadra kwa serikali kuuliza hadharani kama sarafu hii inapaswa kuwa na mlinzi.

Somo kwa walio nyumbani

Huenda msomaji wa Kitui au Kakamega akajiuliza hayo yanamhusu vipi, ilhali yeye hulipa kwa M-Pesa na hana kadi ya mkopo. Yanamhusu, tena sana.

Kwanza, jamaa yake wa ughaibuni huenda anabeba deni la riba ya asilimia 20 akidhani anakusanya nauli. Simu moja ya ushauri yaweza kumwokolea zaidi ya kile anachotuma nyumbani kwa mwezi mzima.

Pili, benki na kampuni za simu hapa nchini nazo hutumia pointi kuwavutia wateja. Pointi za Bonga zimekuwepo tangu mwaka wa 2007. Tunapoendelea kuhimizwa kuchukua kadi na mikopo ya simu kwa ahadi ya zawadi, ni muhimu kuuliza maswali yale yale: pointi moja ina thamani gani kwa shilingi? Nani anaweza kuibadilisha? Inaisha lini? Na nani anaigharimia?

Bunge na Benki Kuu ya Kenya hazipaswi kungoja hadi mamilioni ya wananchi wawe na akiba katika sarafu za kampuni ndipo zianze kuuliza. Angalau sheria ingeweza kuitaka kampuni itoe notisi ya kutosha kabla ya kupunguza thamani ya pointi au kuzifuta, na kueleza bei yake kwa shilingi. Kampuni ikifilisika, mwenye pointi naye atambuliwe miongoni mwa wanaodai.

Hadi hilo litakapofanyika, mwenye pointi hana budi kujilinda mwenyewe. Azipime kwa senti, asizipime kwa wingi. Alipe deni lake lote kila mwezi au aiweke kadi kabatini. Ahifadhi pointi za benki badala ya maili za shirika moja, na asizihamishe kabla ya kuona kiti. Akishapata safari inayomfaa kwa thamani inayokubalika, azitumie asingoje.

Mahindi yaliyokauka yatakaa ghalani yakimsubiri mwenyewe. Pointi hazisubiri mtu, kwa maana ufunguo wa ghala lake uko mikononi mwa aliyeziuza.